Mwendo wa Mzee Taa

Kwa miaka thelathini na minane Fundi Gesi alitengeneza friji, na katika muda wote huo hakuna friji iliyowahi kumjibu. Friji ikiharibika hunung'unika, huvuja, hutetemeka au hunyamaza kabisa, na fundi akiitegea sikio ubavuni hujua kama ni kompresa au ni gesi iliyokwisha. Leo, keshastaafu, ameketi kwenye meza ya chakula nyumbani kwa dada yake, mbele ya kompyuta ya mpwa wake, na kompyuta imemjibu kwa maandishi. Imesema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa, na kama anataka inayofaa, amtafute aliyeitengeneza.

Aliyasoma maneno yale mara tatu, mara ya tatu kwa sauti.

"Nimtafute aliyeitengeneza," akasema. "Nimtafute wapi? Mchezo huu una miaka thelathini na ushee. Pengine maskini ya Mungu keshatangulia mbele ya haki."

Mpwa wake alikuwa anavaa viatu mlangoni, amechelewa kazini kama kawaida yake. "Mjomba, kompyuta mpya hazielewi vitu vya zamani. Achana nao."

"Kwani mimi ni kitu kipya? Mbona wewe unanielewa?"

"Nani kakwambia nakuelewa, Mjomba?" Akacheka, akatoka.

Mama yake binti huyo, ambaye ndiye dada mtu, alikuwa kwenye kiti chake dirishani, ameupa mgongo mjadala wote. Mtaa mzima unamwita Dada Taipu, kwa sababu tangu usichana hadi kustaafu alipiga taipu katika ofisi ya maji, maneno sabini kwa dakika, bila kutazama vidole, tena huku akigombana na mtu. Wiki saba zilizopita alikuwa anasuuza kikombe, kikombe kikamponyoka, naye akaanguka pamoja nacho. Kiharusi. Mguu ulirudi baada ya siku kumi. Ulimi ulirudi mapema zaidi, tena ukiwa umenolewa. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani chini ya mtandio, vidole vimejikunja, na mwenyewe akiulizwa habari zake hujibu, "Huo si wangu. Uulizeni wenyewe."

Kila Alhamisi alikuja kijana mmoja mpole, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mpira mwekundu wa kubonyeza. Dada Taipu hakuambilika. "Mpira ni wa watoto na mbwa," alimwambia siku ya kwanza, na tangu siku hiyo hakuugusa. Alhamisi iliyopita kijana aliwaita mjomba na mpwa pembeni, akawaambia ukweli bila kuuzungusha. Atakuja mara tatu zaidi. Mgonjwa akiendelea kugoma, atalazimika kufunga faili lake, maana wako wengi wanaosubiri nafasi, na mkono uliojikunja ukishazoea kujikunja hautafunguka tena. Kisha akauliza kama kuna jambo lolote ambalo mama huyu alipenda kulifanya kwa mkono ule.

Mpwa akasema kupiga taipu. Dada Taipu, ambaye masikio yake kiharusi hakikuyagusa, akajibu kutoka dirishani kwamba hatagusa taipu tena maishani, maana zitatoka herufi za aibu. Hapo ndipo Fundi Gesi akamkumbuka Mzee Taa.

Zamani zile, kompyuta ya kwanza ilipofika ofisi ya maji, iliwekwa chumbani kwa Dada Taipu na kufunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Fundi aliyekuja kuikagua akaacha mchezo ndani yake. Palikuwa na kizee chenye taa kwenye paji la uso, kinashuka mgodini kuokota mawe ya rangi huku popo wakikifukuza. Ghorofa thelathini, zote za kwenda chini. Saa ya chakula Dada Taipu alimchezesha Mzee Taa kwa mishale minne ya kibodi, na mdogo wake, ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, alisimama nyuma ya kiti akila na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Dada alifika ghorofa ya ishirini na tisa. Kisha asubuhi moja ile mashine ikabebwa, ikaletwa nyingine, na Mzee Taa hakuwamo. Kwa bahati Dada Taipu alikuwa amekwisha kumnakili kwenye disketi, akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano. Ilikaa humo miaka yote hiyo, wala nyumbani hapakuwa na mahali pa kuichomeka.

Fundi Gesi aliichukua kimyakimya, akaipeleka kwa Fundi Miwani. Huyu ni mwanamke wa makamo mwenye duka la kutengeneza kompyuta, na huwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alitafuta kisanduku cha kusomea disketi, akakipuliza vumbi, na disketi ikakwaruza, ikagoma, ikakubali. Mchezo ukahamia kwenye flashi. Fundi Gesi alitoka pale kifua mbele, na kama mlivyoona, kifua hicho kilidumu hadi asubuhi ya pili.

Siku hiyohiyo akarudi dukani, safari hii na kompyuta yenyewe kwapani.

"Mchezo wako unasema lugha ya mashine za zamani," Fundi Miwani akamweleza. "Windows za sasa zimeacha kuisikiliza. Dawa yake ni programu inayoigiza kompyuta ya zamani. Inaitwa DOSBox. Mchezo utaingia mle, utadhani uko kwenye mashine ya enzi zake."

"Utadhani?"

"Utadhani."

"Kwa hiyo tunaudanganya."

"Tunaudanganya, Baba." Akamwandikia amri kwenye karatasi, mstari kwa mstari.

Fundi Gesi akaikodolea macho karatasi. "Hii C uliyoiandika hapa, ndiyo ile C ya kompyuta?"

"Hapana. Hii ni folda iliyomo ndani ya diski ya C. Lakini ukishaingia DOSBox, folda hiyo nayo inaitwa C."

"C iliyo ndani ya C."

"Ndiyo."

"Na C ya nje inajua?"

Fundi Miwani akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Baba, usiichunguze sana. Andika tu kama nilivyoandika."

Njiani alijaribu kuielewa kwa njia yake. Akaona ni kama friji ndogo iliyowekwa ndani ya friji kubwa, na ile ndogo inajigandishia barafu yake bila habari. Fikra hiyo ilimtuliza kwa hatua kama ishirini, kisha akajiuliza umeme wa ile ndogo unapita wapi, akavurugika upya.

Nyumbani aliiweka kompyuta mezani na akakataa kuiwasha. Wafanyao kazi ya friji wana sheria moja isiyovunjwa: friji ikisafirishwa, haichomekwi palepale. Huachwa isimame saa nne, ili mafuta yaliyopanda kwenye mabomba yashuke yarudi kwenye kompresa. Anayechomeka kwa papara huua mashine. Fundi Gesi alijua fika kwamba kompyuta haina mafuta, lakini mazoea yana taabu, na kwa jambo asilolielewa alipendelea kufuata sheria anayoielewa. Kwa hiyo aliketi saa nne nzima akiitazama, na dada yake dirishani akiitazama barabara.

Saa zilipotimia akaiwasha, akafungua DOSBox, pakatokea dirisha jeusi lenye herufi chache na kistari kinachopepesa. Akaandika ya karatasini kwa kidole kimoja. Dirisha likamjibu kwamba amri hiyo haijulikani. Akaandika tena, polepole, akitamka kila herufi. Haijulikani. Mara ya tano jasho likamtoka, na mtu aliyewahi kuifufua friji ya bucha siku ya joto kali akahisi kama mtoto aliyesahau kusoma.

"Kistari chako cha mshazari kimelalia upande mbaya."

Akageuka. Dada Taipu alikuwa amekigeuza kiti, hakujua tangu lini.

"Kinalalia nyuma, si mbele," akasema dada mtu. "Hicho cha juu huko. Haya. Sasa andika dir, tuone kama kizee chetu kimo."

Akaandika. Orodha ikateremka.

"Kimo," akasema Dada Taipu, na sauti yake ikawa ile ya ofisini. "Basi kiite kwa jina lake, unangoja nini?"

Ndugu msomaji, huyu ni mtu ambaye kwa wiki saba hakuuliza hata leo ni siku gani. Fundi Gesi alifurahi kiasi cha kukosea herufi mbili zaidi. Hatimaye muziki ukalia, ule wenyewe wa tu-tu-ti, na Mzee Taa akatokea na taa yake kichwani. Akazaliwa, akavamiwa na popo, akafa. Akazaliwa, akafa. Akazaliwa, akafa, na mchezo ukakwisha kabla kidole cha Fundi Gesi hakijafika kwenye mshale.

Akampigia simu Fundi Miwani. "Mzee anakufa mwenyewe!"

"Mwendo umezidi. Mchezo wa namna hiyo uliutegemea upole wa mashine ya zamani. Shika vitufe vya Ctrl na Fn kwa mkono wa kushoto, kona ya chini. Kwa wa kulia bonyeza F11 kule juu, mwendo utapungua. F12 itauongeza. Namba ya mwendo utaiona juu ya dirisha."

Akasahau Fn. Kioo kikafifia, kisha muziki ukapanda hadi jirani akagonga ukuta. "Sasa umetuzimia taa na umewaita wageni," akasema dada yake. Akakumbuka Fn, na namba ikaanza kuteremka, kutoka elfu tatu, hatua kwa hatua, hadi mia tatu thelathini na sita.

"Hapo," akasema Dada Taipu. Alikuwa hatazami namba. Alikuwa anasikiliza nyayo za Mzee Taa. "Hapo ndipo alipokuwa."

Akakubali kusogezwa mezani. Kwa mkono wa kushoto akauinua wa kulia, akauweka juu ya mishale kama mtu anayeweka chombo cha watu. Mzee Taa akasimama mgodini akisubiri kuambiwa. Kidole cha shahada kikatetemeka, hakikubonyeza. Popo akaja. Mara ya pili kidole kilibonyeza, ila popo alikuwa ameshafika. Mara ya tatu hakikujaribu.

"Hata huyu naye kanizidi mwendo," akasema Dada Taipu, akaurudisha mkono chini ya mtandio.

Hakusema kwa utani, na hilo ndilo lililomchoma mdogo wake. Alijiona mjinga. Amezunguka mji na disketi, amedanganya programu, ameweka C ndani ya C, kumbe anamletea dada yake kioo cha kujitazamia alivyoanguka. Alijuta, na laiti angejua namna ya kuufuta mchezo ule bila kuiharibu kompyuta ya watu, angeufuta.

Lakini ufundi ni ufundi. Friji iliyokaa sana bila kazi haiwekwi namba ya juu siku ya kwanza. Huanzishwa chini kabisa, ikizoea unaipandisha moja, kisha nyingine. Dada yake alipokwenda kujinyoosha, akaushusha mwendo hadi mia moja sitini na mbili. Mzee Taa akawa anatembea kama aendaye kulipwa mwakani. Popo walielea hewani kama wanaofikiria jambo. Fundi Gesi akaandika 162 kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya friji ya jikoni, na akakusudia kupandisha hatua moja pale atakapoona inafaa. Kompyuta hakuizima. Aliifunika tu ilale, maana akiizima hakuwa na hakika ya kuiona tena njia ya kurudi.

"Nimempunguza mzee," akamwambia dada yake. "Anakusubiri."

"Asubiri."

Siku mbili kompyuta ilikaa imefunikwa. Siku ya tatu Fundi Gesi alifika saa tatu asubuhi kama desturi yake, akamkuta dada yake mezani anacheza. Moyo ukamruka. Kisha akaona anavyocheza: mkono wa kushoto ameuvusha mbele ya kifua hadi kwenye mishale, na wa kulia umelala palepale chini ya mtandio. Moyo ukarudi mahali pake. Mchezo ulikuwa umemrudishia dada yake hamu, lakini mkono haukuhusika.

Alhamisi, mtaalamu aliona vilevile. "Mkono wa kushoto hauna shida, Mama," akasema kwa upole.

"Ndiyo maana nautumia."

Kijana akauweka mpira mwekundu juu ya meza, ukakaa pale dakika thelathini, akaurudisha mkobani. Mlangoni alimshika Fundi Gesi bega.

Kesho yake ndipo jambo la ajabu lilipoanza. Fundi Gesi alitupia macho juu ya dirisha akaona 178. Akaenda jikoni kusoma karatasi yake. 162. Akadhani alinakili vibaya, uzee una mambo. Akafuta, akaandika 178. Siku mbili baadaye akakuta 214. Hakugusa yeye. Akamwuliza dada yake kama kuna mtu amekuja.

"Nani aje? Mwenye kuwasalimia wagonjwa siku hizi ni nani?"

Jioni akamvizia mpwa wake getini. "Mama, sema kweli. Wewe ndiye unayeongeza mwendo?"

"Mwendo wa nini, Mjomba?"

"Wa Mzee Taa."

"Mjomba, mimi mwendo wangu mwenyewe umenishinda." Na alikuwa na mifuko mikono yote miwili, viatu vimemkaza, uso umechoka. Fundi Gesi akaona aibu, akampokea mifuko.

Siku zikapita, ikawa 283. Hapo alichanganyikiwa kweli. Friji ikijipandisha baridi yenyewe, themostati imekufa, hilo linajulikana. Kompyuta ikijipandisha mwendo yenyewe imekufa nini? Akaigusa chini, ina joto kidogo. Akaitegea sikio. Akaachia dirisha wazi ipate hewa, dada yake akapiga chafya na kumwita mwendawazimu. Jumatano mchana, siku moja kabla ya Alhamisi ya mwisho, namba ilikuwa 342, na hicho ndicho kilichomtisha, kwani alipokuwa akishusha mwendo siku ile ya kwanza hakuiona 342 popote. Akaifunika kompyuta, akaitia kwapani.

"Unaipeleka wapi?" Dada Taipu akauliza kwa ukali. "Nipo ghorofa ya kumi na saba!"

"Nairudisha sasa hivi."

"Ukimuua mzee huko, usirudi."

Fundi Miwani alimsikiliza hadi mwisho. "Haijiongezi, Baba," akasema. "Lazima mtu ashike vitufe viwili hapa, kona ya chini kushoto, na wakati huohuo abonyeze cha tatu kule, kona ya juu kulia."

"Na Ctrl hii nyingine ya kulia?"

"Ilishang'oka, huoni pengo? Ni hii ya kushoto tu. Jaribu mwenyewe kwa mkono mmoja."

Fundi Gesi ana mkono mpana, wa kubeba kompresa. Akaweka kidole kidogo na cha pete kwenye kona ya chini, akaunyoosha mkono mpaka ukauma. Dole gumba lilifika katikati ya kibodi, likaishia hapo.

"Ni mikono miwili," akasema Fundi Miwani. "Nyumbani mchana anashinda nani?"

"Dada yangu peke yake. Lakini yeye ana mkono mmo..."

Alifika mpaka kwenye mlango wa jibu, akaogopa kubisha. Mtu aliyeitumainia disketi, akaitumainia DOSBox, akautumainia mwendo wa chini, na kila tumaini likamvunjikia mkononi, haoni haya kuogopa tumaini la nne. Alirudi nyumbani, akaiweka kompyuta mezani, akatangaza saa nne za kusimama. Dada yake alizunguka meza kama mwenye deni na kompyuta ile, akilaani friji zote zilizowahi kutengenezwa. Fundi Gesi alitazama mtandio. Mtandio haukutikisika.

Alhamisi mtaalamu alikuja saa nne. Aliweka faili mezani, akaweka na mpira. "Mama," akaanza, na ilionekana alikuwa amejizoeza njiani, "leo tukishindwa, itabidi..."

"Samahani, Daktari," akasema Fundi Gesi. "Kuna kasoro kwenye mashine, niirekebishe kwanza."

Akaifunua kompyuta mbele ya dada yake. Mzee Taa alikuwa amesimama ghorofa ya kumi na saba, na juu ya dirisha iko 342. Fundi Gesi akashika kona ya chini, akabonyeza F11. Namba ikashuka. Akabonyeza tena.

"Unafanya nini?" akauliza Dada Taipu.

"Nashusha. Inajipandisha yenyewe, sijui imeingiwa na nini." Tena, na tena. Ikawa mia moja sitini na nne. "Nitaiacha hapa."

"Irudishe."

"Hapana, Dada. Huu ndio mwendo unaokufaa." Neno lililofuata lilikuwa chungu mdomoni, akalisema hivyohivyo. "Huu ndio mwendo wa wagonjwa."

Dada Taipu alimtazama mdogo wake kwa namna ambayo hakumtazama tangu siku alipomvunjia saa, wakiwa watoto. Kisha mkono wake wa kushoto ukaenda kona ya chini, vidole viwili vikakaa juu ya vitufe viwili. Na mtandio ukatikisika.

Ule wa kulia ukatoka. Ulikuja polepole, kiganja kikiburuta juu ya meza, vidole vitatu bado vimejikunja na cha shahada kimenyooka nusu. Ukapanda kibodi safu kwa safu. Katikati ukasimama, ukatetemeka, na Fundi Gesi akataka kuusukuma, akajizuia kwa kushika ukingo wa meza. Ukaendelea. Ukafika kona ya juu, ukabonyeza.

180.

Akabonyeza tena. 198. Mpira mwekundu ukabiringika, ukaanguka chini ya meza, na mwenye mpira hakuinama kuuokota. Dada Taipu hakuacha mpaka ilipopita mia tatu, naye anahema kama aliyepanda ngazi.

"Usinichezee, mdogo wangu," akasema.

"Tangu lini, Mama?" akauliza kijana.

"Tangu uliponiambia kushoto hakuna shida. Maneno hayo yaliniudhi sana."

"Mbona hukusema?" akauliza Fundi Gesi.

"Ningesema, mngenirudishia ule mpira." Kisha akashusha uso. "Na niliogopa. Kuna siku kidole kinafika, kuna siku hakifiki. Nilitaka nijue kwanza peke yangu. Nyie kila mkiingia mnautazama huu mkono kama watu wanaosubiri gari bovu liwake."

Fundi Gesi akalia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, na alipokosa kitambaa akatumia ncha ya mtandio wa dada yake. Alikuwa amengoja saa nne mara mbili kwa ajili ya mafuta ya kompyuta isiyo na mafuta. Dada yake, aliyepinduliwa na kiharusi kichwa chini miguu juu, walimchomeka palepale, bila kumwachia muda wa kutulia.

"Tulikuchomeka mapema," akasema.

"Umesemaje?"

"Basi, Dada, si kitu."

Kijana alikuwa amefungua faili, kalamu iko juu ya karatasi. "Sasa Mama, hapa kwenye zoezi niandike nini?"

"Andika ghorofa kumi na tatu zimebaki." Dada Taipu aliuteremsha mkono wa kulia hadi kwenye mishale, mwenyewe, bila kuubeba kwa wa kushoto. "Na mdogo wangu asogee, ananikinga mwanga."

Fundi Gesi akasogea, akasimama nyuma ya kiti. Mzee Taa akaanza kutembea. Popo wawili wakatokea upande wa juu.

"Kushoto, Dada! Kushoto, kushoto!"

"Nani kakuuliza?" akasema Dada Taipu, na kwa kidole kile kilichonyooka nusu akambonyezea Mzee Taa mshale wa kulia.